Sheli moja ya Uyole na safari ndefu iliyomo ndani ya bei yake

Kwa miezi minane nimekuwa nikijaza mafuta katika sheli moja ya Uyole, jijini Mbeya, na naona nimeifahamu vya kutosha kuitolea maoni. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa yapo mambo mawili nitakayoilaumu. Nianze na sifa yake kubwa, ambayo ni kipimo.

Mhudumu wa zamu ya asubuhi, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, hagusi mkono wa pampu kabla hajanionyesha namba. "Shikamoo baba. Sifuri hii hapa," husema akiielekeza kwa kidole, kisha hungoja niitikie ndipo aulize kiasi. Nikinunua lita 20, mshale wa tenki hupanda hadi mahali palepale kila mara, na risiti hutolewa bila kuombwa. Gari langu ni Corolla ya zamani isiyovumilia mafuta yaliyochakachuliwa, na tangu nihamie hapa halijakohoa hata mara moja. Wanaokumbuka hali ilivyokuwa kabla ya mafuta kuanza kutiwa vinasaba, yaani alama ya kemikali ya kufichua uchakachuaji, mwaka 2010, wakati mafuta ya taa yalipochanganywa katika dizeli kama maji katika maziwa, watanielewa kwa nini naliweka hili mbele ya mengine yote.

Kuhusu bei, sheli hii haivuki bei kikomo ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambayo hutangazwa kila mwezi na ambayo kwa Mbeya huwa juu kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu ya gharama ya usafirishaji. Hata hivyo, juzi mteja mmoja aliyekuwa mbele yangu alimfokea yule binti kwamba bomba la TAZAMA, lile la mafuta kati ya Tanzania na Zambia, linapita mkoani kwetu, sasa nauli ya lori tunamlipia nani? Hakustahili kufokewa, lakini swali linastahili jibu.

Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta kupitia huko, ikakatiwa. Mafuta yakaanza kupelekwa kutoka Dar es Salaam, mengine kwa ndege na mengine kwa malori yaliyosheheni mapipa, yakipanda Kitonga na kupita Iringa na Mbeya hadi Tunduma kwenye barabara ya udongo ambayo masika yaliigeuza tope. Madereva waliokuwa wakizungumza Kiingereza waliiita njia ya jehanamu. Bomba la kilomita 1,710 kutoka Kigamboni hadi Ndola lilikamilika mwaka 1968 ili kuimaliza adha hiyo, na mwanzoni lilipitisha mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Mwaka 1973 Zambia ikapata kiwanda chake cha kusafisha mafuta, Indeni, mjini Ndola, na tangu hapo kilichopita ndani ya bomba kikawa mafuta ghafi yaliyochanganywa na dizeli na mafuta mengine mepesi. Kwa hiyo, kwa takriban nusu karne, hata kama sheli zetu zingeruhusiwa kuchomeka mrija humo, zingepata kitu cheusi ambacho Corolla yangu isingekimeza. Indeni ilisimamishwa mwishoni mwa 2021, na mwaka 2023 bomba likaanza kupeleka dizeli, nayo ni kwa ajili ya Zambia.

Kiwanda chetu wenyewe kilikuwa TIPER, kilichojengwa Kigamboni kwa ubia na Waitaliano wa ENI na kuanza kazi mwaka 1966. Kilikuwa na mtambo rahisi: mafuta ghafi yalichemshwa, na mvuke wake ukatenganishwa kwa madaraja ndani ya mnara, mafuta mepesi kama petroli yakitokea juu, mafuta ya taa na dizeli katikati, na mafuta mazito chini. Hakikuwa na mitambo ya kuyavunja hayo mazito yawe mepesi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kila pipa iliishia kuwa mafuta ya tanuri, yenye bei ndogo, wakati wenye magari walitaka petroli na dizeli. Biashara ya kuagiza mafuta ilipofunguliwa, kiwanda hakikuweza kushindana na meli zilizoleta mafuta tayari. Kilizimwa, na matangi yake yamebaki kuwa ghala. Ndiyo maana kila lita ninayotiliwa Uyole imeshuka melini pwani na kupanda huku kwa lori, zaidi ya kilomita 800, kwa njia ileile ya mapipa, ingawa sasa ina lami.

Mwenye sheli hawezi kulaumiwa kwa hilo. Alaumiwe kwa taa za ubao wa bei, ambazo huzimwa saa tatu usiku ilhali pampu zinaendelea kuuza, na zaidi kwa mashine ya upepo. Imefunikwa turubai tangu nilipoanza kwenda pale, na kila nikiuliza naambiwa fundi yuko njiani. Binti wa pampu huniomba radhi kwa niaba ya bosi wake, nami humjibu "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, na kuvuka barabara hadi kwa fundi wa matairi, ambaye hutoza shilingi 500 kwa kila tairi na hafungui kabla ya saa mbili asubuhi.