Laptopu ya dola 140: uzoefu wangu na ThinkPad T470 hapa Ohio, mpaka nikanunua ya pili ya Tanga

Hii mashine nimeichukua mwezi wa 11 mwaka 2025 na nimekaa nayo baridi yote ya huku, kwahiyo nadhani sasa naweza kuiongelea bila ile homa ya kitu kipya, maana siku ya kufungua boksi kila mtu anasifia tu.

Nianze kwa kusema mimi sio mtaalamu. Napakia mizigo usiku kwenye maghala ya kule Groveport, kusini ya Columbus, nikirudi asubuhi badala ya kulala kama watu wenye akili zao nashuka chini besimenti kuchezea kompyuta. Mke wangu huko chini anakuita Kariakoo kwa jinsi nyaya zilivyojaa, na hajakosea.

Sasa ilivyokuwa ni hivi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma kwa Windows 10, ukitaka apdeti za usalama unajisajili wanakuongezea mwaka mmoja basi, na Windows 11 yenyewe inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. T470 ni ya 2017, ina kizazi cha saba. Yaani imekosa kizazi kimoja tu, kama daladala nzima kabisa inayopigwa marufuku njiani kwa sababu ya stika. Maofisi yakaanza kuzitoa kwa mafungu, bei ikashuka, na watu kama mimi tunaosubiri mezani tukaanza kujisevia. Yangu nimelipa dola 140 pamoja na usafiri, prosesa i5-7300U, RAM GB 8, kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni ambaye jina namhifadhi.

Namhifadhi kwa heshima tu lakini alinipiga. Tangazo lilisema kioo ni Full HD, yaani cha nukta nyingi, nimewasha nakuta nukta 1366 kwa 768 tu, herufi zina vinyweleo kama zimeandikwa kwa mkaa. Tangazo lilisema betri nzima. Hizi T470 zina betri mbili, moja ya ndani ya Wh 24 (wati-saa, kipimo cha umeme betri inaobeba) na nyingine ya nyuma inayochomoka, na ile ya nyuma nilipoipima kwenye Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwa amri ya upower nikaona ilizaliwa na Wh 24 lakini sasa hivi ikijaa kabisa inabeba Wh 7. Saba! Nikienda kunawa mikono nikirudi imeshuka asilimia ishirini. Kumwandikia akanijibu kwamba hiyo ni kawaida kwa kitu kilichotumika, tukavutana siku tatu akarudisha dola 15. Nikasema potelea mbali, kuirudisha ningelipia posta mwenyewe.

Kwahiyo ushauri wa kwanza kwa anayenunua mtumba wa hivi, usiulize betri nzima au mbovu, mwambie muuzaji akutumie picha inayoonyesha uwezo wa sasa na ule wa kiwandani. Akianza kuzunguka achana naye.

Nilitafuta kwingine betri kubwa ya nyuma, ile ya Wh 72, dola 45. Hii inatokeza chini kama nundu ya ng'ombe, laptopu inainuka kwa nyuma, na kusema ukweli nimeipenda hivyo hivyo kwa sababu kibodi inakaa kwa mteremko mzuri wa mikono. Kwa matumizi yangu ya kusoma, kuandika, na video kidogo, napata masaa 9 mpaka 10. Lakini raha yenyewe sio masaa. Raha ni kwamba unaweza kuchomoa hiyo betri ya nyuma kompyuta ikiwa inawaka, ile ya ndani inashikilia, ukapachika nyingine ukaendelea na kazi. Lenovo, watengenezaji wake, walikuwa wanaiita Power Bridge. Siku ya kwanza nilichomoa na kuchomeka kama mara sita, hakuna sababu, nafurahi tu, mke wangu ananiangalia.

Kuifungua sasa. Mtu akitaka kuongeza RAM au kubadili diski asikimbilie bisibisi, kwanza washa ukibonyeza F1, ingia Config, halafu Power, kuna sehemu imeandikwa Disable Built-in Battery, ukikubali mashine inajizima na ile betri ya ndani inalala mpaka uchomeke chaja tena. Toa betri ya nyuma, legeza skrubu za mfuniko wa chini, zenyewe hazidondoki zinabaki zimeshikwa palepale (aliyebuni hilo Mungu ambariki, nishapoteza skrubu nyingi sana maishani), halafu pitisha kadi ya benki ya zamani pembeni taratibu, inalia kra kra kra kama unavunja kitu ila hujavunja.

Balaa langu lilikuwa shoti ya umeme tuli, ule unaojikusanya mwilini. Huku Januari tanuri la gesi la kupashia nyumba joto linawaka usiku na mchana, hewa ya ndani inakauka mpaka midomo inapasuka, ukitembea na soksi kwenye zulia halafu ukashika kitasa unaona cheche kwa macho yako. Mtoto wangu amefanya ndo mchezo, anakuja kunigusa sikio. Cheche hiyo hiyo ikigusa RAM unaweza kuiua na isionekane alama yoyote. Sina ule mkanda wa mkononi, basi nilivua soksi nikafungua laptopu nikiwa peku kwenye saruji ya besimenti, kila baada ya dakika mbili nashika bati la ile kompyuta kubwa ya mezani ambayo waya wake uko ukutani, huku baridi inanipanda mpaka magotini. Ukiniona ungesema nafanya tambiko.

RAM niliipata bure kwenye laptopu iliyokufa ya mfanyakazi mwenzangu, matundu yako mawili, sasa nina GB 16. Diski nilienda kununua SSD pale Micro Center ya Bethel Road. Kwa wasioijua, hili ni duka la kompyuta lililoanzia hapahapa Columbus mwaka 1979 na bado lipo, kubwa, unashika kitu kwa mkono kabla ya kulipa, kuna watu wanaendesha kutoka mbali kuja kununua prosesa tu. Mimi nikiingia pale na dola 50 najua kabisa natoka bila dola 50. Halafu hapo jirani, Upper Arlington, ndo ilikuwa makao ya CompuServe, kampuni ya zamani ya huduma za mtandaoni, na mwaka 1987 timu ya jamaa anaitwa Steve Wilhite ndani ya CompuServe ndo ilitoa GIF, aina ya faili za picha. Kwahiyo yale maua yanayometameta na Asubuhi Njema ambayo mashangazi wanayamwaga kwenye grupu la ukoo, mbegu yake ilioteshwa huku kwetu, maili chache tu kutoka nilipokaa. Nawaombeni radhi.

Niliweka Linux Mint 22. Unapakua faili la karibu GB 3, unaliandika kwenye flashi, unawasha mashine kutokea kwenye flashi na unaweza kuijaribu bila kufuta kitu, ukiridhika ndo unasakinisha. Kwangu ilichukua chini ya nusu saa. Waifai, sauti, kamera, vitufe vya mwanga, vyote vilikubali bila kuhangaika, na apdeti zake zinakuja mpaka 2029. Kisoma kidole tu ndo nimeachana nacho, naandika paswedi kama zamani. Kuna mzee mmoja kazini aliniuliza Linux sio ya wadukuzi? Nikamwambia mzee wangu, mimi nimeisikia tangu niko Dar, chuo kikuu cha pale mwaka 2004 walitoa programu za ofisi za Kiswahili, Jambo OpenOffice, kwenye mradi wa Kilinux. Ndipo wengine tulipoona neno kama kipanya limeandikwa kwenye skrini kwa mara ya kwanza. Tarakilishi nawaachia ndugu zetu wa Kenya, na hata wao sijawahi kumsikia mtu akilisema dukani.

Kila siku naitumiaje? Kibodi ndo sababu kubwa sijarudi kwenye laptopu yangu nyembamba. Vitufe vinazama vizuri, vidole vinajua vimefika. Ile nukta nyekundu katikati ya kibodi, ya kusogezea mshale, nilidhani ni pambo, sasa nikikaa kwenye kompyuta nyingine kidole kinaitafuta. Ina tundu la waya wa intaneti, HDMI, USB za kawaida tatu na ya C moja ambayo inachaji pia, kwahiyo chaja ya simu kubwa inaweza kukuokoa. Siku za Jumatano saa sita mchana wilaya yetu hii ya Franklin wanajaribu ving'ora vya tahadhari ya tonado, ni kelele ya kuamsha wafu, na mimi mtu wa shifti ya usiku saa hiyo ndo usingizi umenoga, basi siku hiyo sihangaiki kulala, nakaa chini na ThinkPad mpaka kipite.

Mabaya nisifiche. Kioo nimeshasema. Spika ni za kusikilizia taarifa ya habari, muziki utauonea huruma. Prosesa ina kora mbili tu, ukifungua tabu thelathini za brauza na mkutano wa video kwa pamoja feni inaanza kuhema, na kuhariri video ndefu humo ni kujitafutia presha. Nzito kidogo na hiyo nundu. Mtu wa gemu apite mbali.

Sasa Tanga. Mdogo wangu yuko chuo, alikuwa anaandika kazi zake kwenye simu, akanipigia, kaka naomba hata kimeo chochote. Nikatafuta T470 nyingine, safari hii nimedai picha ya betri kwanza, dola 125. Chaja yake imeandikwa volti 100 mpaka 240, kwahiyo haina shida na umeme wa nyumbani wa 230 ingawa huku tunatumia 120, ni ule waya wa ukutani tu unaochomoka, akaununue hukohuko wa pini tatu bapa. Usinunue transfoma, jamani, nimeona watu wanasafirisha transfoma nzito kama tofali. Nilimpa mama mmoja tunayesali naye aliyekuwa anakwenda kusalimia, na betri ya akiba nikamwekea kwenye begi la mkononi maana betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye begi la chini ya ndege, na kikomo cha kupita bila kuomba ruhusa ni Wh 100 kila moja. Ya Wh 72 inapita. Alikaguliwa, akaionyesha, wakamrudishia.

Wiki iliyopita tunaongea kwa video, dogo ananionyesha alivyopanga mafaili yake, umeme ukakatika. Picha ikaganda, nikajua ndo basi. Baada ya dakika kama mbili akarudi, ameunga bando la simu, kakaa gizani uso unang'aa kwa mwanga wa skrini.

"Kaka, betri ya nyuma imebaki asilimia nne, niangalie."

Akaigeuza laptopu kifudifudi, picha nzima ikawa meza na giza, nikasikia vile vishikizo viwili vya betri, tak, tak, halafu betri nyingine ikaingia. Simu haikukatika. Akarudi anacheka mpaka meno ya mwisho, na nyuma namsikia mama anauliza huyo anachekea nini gizani.

"Ila kaka, hiki kioo..."

Na yeye kaangukia cha 1366, safari hii tangazo lilisema kweli, ni mimi niliyebana dola. Nimeshaagiza paneli mbili za Full HD za inchi 14, za pini 30, moja yake moja yangu. Yake ataibadili mwenyewe nikiwa kwenye video. Nimemwambia atafute bisibisi ndogo ya nyota, na unyevu wa Tanga ulivyo hana haja ya kuvua soksi.