Tangi la chumvi la mashine ya kulainisha maji: zuri, ila kifuniko kinaliangusha

Kwa nyumba za Uganda zinazotumia maji magumu (yenye chokaa nyingi) ya kisima kirefu, tangi hili la plastiki la lita 70 linafaa. Maji huingia chini, kila lita huyeyusha takriban gramu 360 za chumvi, kisha mashine huyafyonza yakasafishe punje za rezini, yaani vijipunje vya plastiki ndani ya mashine, zilizoshika chokaa ya maji. Boya lake hufunga maji vizuri sana. Tatizo ni kifuniko: hakibani, unyevu hupenya, chumvi hugandamana juu na kuacha uwazi chini. Maji ya chini hayaigusi chumvi, hivyo bombani maji yanabaki magumu ingawa tangi linaonekana limejaa! Gamba hilo livunje taratibu kwa mpini wa ufagio, na usijaze kupita theluthi mbili. Chumvi ya mawe ya Ziwa Katwe tafadhali ibaki kwa mifugo. Uchafu wake huziba vali.