Kung'olewa gego la mwisho, kliniki moja ya Mwanga, Kigoma

Kazi yangu ni mdomo: nauza migebuka na dagaa Kibirizi, na mteja haji bila kuitwa. Kwa hiyo gego la mwisho la chini liliponivimbisha fizi hadi sikio likawa linavuta, sikutaka kwenda kwa yeyote tu mwenye koleo. Nikaelekezwa kliniki ndogo ya meno Mwanga.

Walianza na eksirei. Daktari, kijana mpole, akanionyesha pichani jino lilivyolala likimwegemea mwenzake, mizizi imekaribiana na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya. Akaniambia wazi: mshipa ukiumia, mdomo wa chini na kidevu vinaweza kubaki na ganzi kwa wiki au miezi, na kwa wachache haiondoki kabisa. Akataja kuvuja damu, usaha, taya kukaza, hata taya kuvunjika, ingawa hilo ni nadra sana. Halafu akauliza, "Dada, unafanya shughuli gani?" Nilipomjibu, akasema ulimi nao una mshipa wake jirani na hapo, atakwenda taratibu. Ndipo nikasaini. Shoga yangu anasema vile ni kumtisha mgonjwa. Mimi ndiyo yaliyonikalisha kwenye kile kiti.

Ganzi ilishika. Alichana fizi, akalikata jino vipande, akashona. Maumivu hakuna, ila ule mlio wa mashine, jamani!

Kasoro yao ni baada ya hapo. Dirishani nilitajiwa haraka haraka: usiteme mate kwa nguvu, usisukutue leo, usitumie mrija, usivute sigara. Kwa nini, hakuna aliyesema. Kumbe shimo huzibwa na donge la damu, na donge likitoka, mfupa unabaki wazi. Langu likatoka. Uvimbe ulishaanza kushuka, mara maumivu yakarudi upya, yanapanda sikioni, mdomo unanuka, panadol imekuwa kama maji. Napiga namba ya kwenye risiti, Jumapili, haipokelewi. Jumatatu wakaliosha shimo, wakaweka dawa yenye harufu ya karafuu, bila malipo, nikapata usingizi. Daktari akasema hutokea hata kwa anayejitunza, hasa magego ya chini.

Nawapa nyota nne. Ukienda, nenda Jumatatu, ili shimo likiwaka siku ya tatu au ya nne uwakute wamefungua.