Huduma ya maombi ya visa ya Schengen, Mji Mkongwe

Mwaka jana nilimpeleka mama yangu Ujerumani kwa matembezi ya wiki 2, na maombi yetu ya visa ya Schengen, yaani visa moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, yaliandaliwa na ofisi moja ya huduma za safari iliyopo Mji Mkongwe, si mbali na Darajani. Naieleza huduma yao kwa urefu kwa sababu wenzetu wengi wa Unguja na Pemba huingia katika ofisi za aina hii wakiamini kwamba wananunua visa, ilhali wanacholipia ni kupangiwa karatasi tu; anayeamua ni ubalozi peke yake, na ada ya ubalozi, ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, hairudishwi hata ombi likikataliwa.

Kwa upande wa karatasi, waliifanya kazi yao barabara. Kijana aliyetuhudumia alizifungua pasi zetu ukurasa kwa ukurasa. Pasi hutakiwa iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na ibakishe angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Yangu ingebakisha miezi 2 tu, akanirudisha nikaombe mpya kabla hajapokea hata shilingi moja. Picha ya mama aliipima kwa rula, milimita 35 kwa 45, akaikataa kwa kuwa mtandio ulitia kivuli kwenye paji la uso. Mama alihofia kuwa ataambiwa avue mtandio, lakini kijana alimweleza kwa adabu, “Hapana bibi, mtandio unaruhusiwa, muhimu uso wote uonekane.”

Kilichonivutia zaidi ni namna alivyoisoma taarifa yangu ya benki. Alisimama penye fedha za mchango wa familia zilizoingia kwa mkupuo mmoja, akanitaka niandike barua kueleza zimetoka wapi, kwa sababu fedha nyingi zinazoingia ghafla karibu na siku ya maombi huzusha shaka. Mama hana mshahara, ni mkulima wa Wete, kwa hiyo mimi ndiye niliyejitolea kuzilipia gharama zake: tuliambatanisha cheti changu cha kuzaliwa kuthibitisha kuwa ni mama yangu, barua ya ruhusa kutoka skuli ninayosomesha, na hati ya shamba lake la mikarafuu ili ionekane kuwa anacho cha kumrudisha nyumbani.

Lakini jambo moja kubwa hawakutwambia, nalo lilitugharimu. Anayeomba visa hii kwa mara ya kwanza hulazimika kufika mwenyewe kutoa alama za vidole vyote 10. Wanaosamehewa ni wachache, wakiwemo watoto walio chini ya miaka 12. Mama alikwishavuka kutoka Pemba, akatia saini fomu na kurudi kwao, akijua kazi imekwisha. Siku 2 baadaye ndipo nilipopigiwa simu kuwa lazima aende Dar es Salaam. Akapanda boti tena, mpaka Unguja na kisha Dar es Salaam, mtu wa miaka 68 ambaye bahari humchafua roho. Mashine nayo haikuvisoma vidole vyake mara moja, kwani miaka mingi ya kuchambua karafuu imevilainisha. Mhudumu alimpa kitambaa cha maji, akavifuta kimoja kimoja na kuvibonyeza tena mpaka vikakubali. Kwa kawaida alama hizo hutumika tena kwa miezi 59, na hilo lilimpa faraja kidogo.

Ya pili ni bima. Sheria inataka bima ya yuro 30,000 au zaidi, inayofanya kazi katika nchi zote za Schengen kwa muda wote wa safari. Waliyotuuzia iliishia siku moja kabla ya tarehe ya kurudi, na kosa hilo liligunduliwa dirishani huko Dar es Salaam, si na wao. Nilinunua nyingine hapo hapo kwa simu.

Visa zilitoka siku ya 12. Muda wa kawaida ni siku 15, nao unaweza kufika 45, na maombi hupokelewa tangu miezi 6 kabla ya safari. Anayetoka Pemba na aanze mapema. Na aombe risiti inayotenganisha ada ya ubalozi, bima na malipo ya ofisi yenyewe. Yetu iliandikwa jumla moja tu, na niliporudi kudai fedha ya bima ile iliyokataliwa, hapakuwa na mstari wa kuonesha nililipa kiasi gani.