Ujasusi wa nje: shirika la peke yake au idara moja kwa yote?

Marekani na Uingereza zimetenganisha ujasusi wa nje na ule wa ndani. CIA ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1947, inakusanya habari za siri nje ya nchi, na sheria inainyima mamlaka ya kipolisi. Uingereza ina MI6 kwa nje na MI5 kwa ndani. Uholanzi imeweka yote mawili chini ya idara moja, AIVD, japo jeshi lina idara yake.

Faida ya idara moja ni kwamba habari haikwami mlangoni. Mapema mwaka 2000 CIA ilijua kuhusu watu wawili wa al-Qaida waliokuja kuwa miongoni mwa watekaji ndege wa Septemba 11, lakini FBI, shirika la upelelezi wa ndani la Marekani, ilianza kuwasaka mwishoni mwa Agosti 2001. Siku zilikuwa zimekwisha, na hilo linaniuma kila ninapolisoma.

Hata hivyo, nachagua utengano. Jasusi wa nje kazi yake ni kuvunja sheria za nchi nyingine kwa siri. Mazoea hayo yakielekezwa kwa raia, nani atawalinda? Pengo la mawasiliano huzibika kwa vituo vya pamoja, kama Marekani ilivyofanya mwaka 2004.