Fitingi za nailoni kwenye tangi la choo cha boti: nimezitumia miezi 14, haya ndo maoni yangu

Wenye boti za matanga mnajua, hakuna anayependa kufungua kile kifuniko cha chini ya kitanda pale tangi la choo lilipojificha, ndo maana shida inakaa humo miaka bila mtu kuiona. Kwangu ilianza na harufu tu. Nikasugua choo, nikabadilisha dawa ya tangi, nikafua hadi foronya za magodoro, harufu iko palepale na jua likiwa kali ndo inazidi. Siku nimeingiza kichwa na tochi nikakuta elbo (fitingi ya kona, inayounganisha hozi na tangi) ya brasi iliyo juu ya tangi imefanya ukoko wa kijani na mweupe, na chini yake kuna kidimbwi cha rangi ya chai. Nikaigusa na bisibisi, yaani nimeigusa tu sijaipiga, ncha ikazama. Kipande kilipokatika ndani kilikuwa cha pinki na kimejaa vitundu, unakivunja kwa vidole kama biskuti.

Hiyo pinki ina maana yake. Brasi ni shaba na zinki, na uchafu wa choo uliochanganyika na maji ya chumvi unaila ile zinki taratibu, inabaki shaba peke yake iliyo laini na yenye matundu, kwa nje fitingi bado ina umbo lake ila nguvu haina. Alumini ndo kabisaa, inatoboka vitundu vitundu. Na msidhani stenilesi ni dawa, ile inahitaji oksijeni kujilinda, sasa kwenye thredi (yale meno ya skrubu) iliyobanwa na uchafu oksijeni itoke wapi, chumvi inaingia pale inaanza kula.

Kwa hiyo nikatoa chuma zote nikaweka fitingi za nailoni iliyochanganywa na nyuzi za glasi, zile nyeusi. Mbili za milimita 38, moja ya kuingizia na moja ya kunyonyea, pamoja na ya bomba la hewa. Nasema kwa moyo mmoja, ni kitu kizuri sana. Mkojo hauzili, chumvi haizili, na ukizishika mkononi unasikia ni ngumu, siyo kama zile plastiki za bomba la bustani zinazopinda ukikaza klampu. Juzi nimefungua moja kuangalia, thredi ziko kama siku niliyozifunga, hata kona zake bado kali.

Ila kuna mambo ya kuangalia kabla hujanunua na la kwanza ni thredi. Dunia hii ina NPT (thredi za kipimo cha Marekani) na ina BSP (za Uingereza), na kwa inchi moja na nusu zinafanana kiasi kwamba kwa macho huwezi kuzitofautisha, NPT ina meno 11.5 kwa inchi na BSP 11, pembe ya jino ni digrii 60 kwa NPT na 55 kwa BSP. Ukizichanganya inaingia mizunguko michache vizuri kabisa halafu inagoma, na ukiendelea kukaza unajiona umefanikiwa kumbe unaharibu thredi za tangi. Tangi ukiharibu mdomo wake umelia, maana matangi mengi ya plastiki ni polyethilini na gundi haishiki pale, silikoni inabanduka kama ngozi ya maziwa. Chukua fitingi ya zamani, hata kipande chake, ukapime nayo.

La pili, kati ya fitingi zangu moja ilikuja na mshono wa kiwandani (ule mstari unaoachwa na kalibu) umepita juu ya yale mabega ya kushikia hozi, umesimama kama uzi. Kwenye maji ya kawaida pengine ungevumilia, hapa hapana, ilivuja tone tone kwenye ule mstari. Nililainisha na msasa mdogo nikarudisha klampu mbili, ikatulia. Pitisha kucha kuzunguka kila moja kabla hujaifunga.

Kuzitoa za zamani ndo kazi yenyewe. Nyonya tangi mpaka liishe, suuza na maji safi mara mbili tatu, fungua madirisha yote na usifanye peke yako, ile gesi ya mayai yaliyooza ni sumu na mbaya zaidi inaua uwezo wa pua kuinusa, ukiona harufu imepotea ghafla usifurahi, toka nje. Hozi usiivute, ichane kwa kisu kwa urefu, ukivuta unalitikisa tangi kwenye mdomo wake. Kile kisiki kilichobaki nilikikata kwa ndani na blade ya hakso sehemu mbili, nikaacha unene wa karatasi ili nisiguse thredi za tangi, halafu nikakigonga kuelekea katikati kikakunjika na kutoka. Mafuta ya kulainishia hayasaidii kitu na moto usithubutu.

Kufunga, tepu ya teflon mizunguko mitatu, kaza kwa mkono mpaka igome, kisha spana mzunguko mmoja tu. Thredi hizi zina umbo la kabari, kila unavyokaza unaupanua mdomo wa tangi, na ufa ukitokea hautokei siku hiyo, unatokea wiki ya pili mkiwa baharini. Hozi loweka ncha yake kwenye maji ya moto na sabuni ya vyombo itaingia vizuri, klampu mbili za stenilesi 316 kila mahali. Bomba la hewa nililipanua kutoka milimita 16 hadi 25 na jamani hilo ndo lilibadilisha harufu kuliko nilivyotarajia, hewa ikiingia ya kutosha wale vijidudu wanaotengeneza ile gesi hawastawi.

Baada ya hapo nikajaza maji safi mpaka yakatokea kwenye bomba la hewa, nikafunga tishu kavu kila kiungo nikaacha usiku kucha. Asubuhi zote kavu isipokuwa ile yenye mshono niliyosema.

Valvu ya chini inayopita kwenye bodi la boti sijaigusa, ile ni bronzi, bado nzima, na iko chini ya mstari wa maji, hiyo siyo sehemu ya kujaribia.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeipunguza kwa sababu ya ule mshono, na mfuko wa watengenezaji ungeandikwa wazi kama thredi ni NPT au BSP ningewaongezea nusu.