Kikokotoo cha umbali wa ndege: kilomita za kweli, saa za kubahatisha

Wafanyabiashara wa Mwanza wanaofuata bidhaa Dubai huuliza mambo mawili hata kabla ya nauli: ni mbali kiasi gani, na safari inachukua saa ngapi. Kikokotoo cha umbali wa ndege ninachokitathmini hapa, ambacho hutumika bure kwenye simu na hakili bando, hujibu la kwanza kwa usahihi na la pili kwa namna inayoweza kumharibia mtu mipango.

Ukiandika Mwanza na Dubai unapata takribani kilomita 3,900, na chini yake maili 2,400 na maili za baharini 2,100. Nilikagua kwa kutumia latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili, na hesabu zikakubaliana. Hicho ni kipimo cha njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ndiyo maana Mwanza hadi Bukoba kinatoa kilomita 175 hivi kwa kukatiza ziwa, ilhali basi huzunguka kupitia Geita na Muleba. Atakayekadiria nauli ya basi kwa namba hiyo, shauri yake.

Kasoro iko kwenye muda. Kikokotoo hugawanya umbali kwa mwendo wa ndege kubwa, kama kilomita 800 kwa saa, huongeza nusu saa ya kupaa na kutua, kisha hutangaza saa tano na dakika ishirini na ushee, kana kwamba ndege inatoka Mwanza na kunyoosha moja kwa moja. Abiria wa hapa kwa kawaida huanzia Dar es Salaam, kilomita 850 kuelekea kusini-mashariki, na akishafika huko bado ana kilomita 3,980 mbele yake, yaani Dubai imezidi kuwa mbali kuliko alipokuwa nyumbani. Saa moja na nusu angani, kusubiri uwanjani, kukaguliwa upya, kisha saa nyingine tano na nusu: hakuna hata moja ya hizo za katikati inayohesabiwa.

Tofauti ya saa nayo imeandikwa kwa herufi ndogo mno, chini ya matangazo ya hoteli. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja, na tiketi huonyesha saa za mahali husika. Kwa hiyo ndege inayoondoka Dar saa 22:00 na kutua saa 04:30 huonekana kukaa angani saa sita na nusu, kumbe ni tano na nusu. Wakati wa kurudi mambo hugeuka.

Ninakipa nyota tatu kati ya tano. Kingepata ya nne iwapo kingeruhusu kuingiza mji wa kubadilishia ndege. Kwa sasa, pima Mwanza hadi Dar, halafu Dar hadi Dubai, kila kipande peke yake, kisha ongeza muda wa kusubiri unaoonekana kwenye tiketi yako.